Mfalme Moshoeshoe na Nchi Iliyozungukwa



Muhula uliopita nilipata alama kumi na moja kwa ishirini katika jaribio la Jiografia, na mbili kati ya alama nilizokosa ndizo zilizonifanya niandike habari hii. Mwalimu alitupa ramani tupu ya kusini mwa Afrika, akatuagiza tuandike majina ya nchi zisizopakana na bahari. Zambia nikaiandika, Malawi nikaiandika, Zimbabwe, Botswana na Eswatini nazo nikazipata. Lakini katikati ya Afrika Kusini palikuwa na duara dogo lililopindapinda, halina jina, nami kwa haraka nikadhani ni ziwa. Nikachukua penseli ya buluu nikalipaka rangi. Madaftari yaliporudishwa nikakuta Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nimewazamisha watu zaidi ya milioni mbili. Darasa zima likacheka, na kwa wiki nzima bwenini niliitwa Ziwa.

Jumamosi ile, badala ya kwenda uwanjani, nikaenda maktaba. Nilitaka kujua jambo moja tu: imekuwaje nchi nzima ikawa ndani ya tumbo la nchi nyingine? Nilisoma siku hiyo, na Jumamosi mbili zilizofuata, nikaona ya kwamba jibu la swali langu ni maisha ya mtu mmoja aliyekufa mwaka 1870. Mtu huyo ni Mfalme Moshoeshoe wa Wasotho. Jina lake hutamkwa Moshweshwe, na nchi yake ndiyo Lesotho.

Kwanza niseme habari za nchi yenyewe, maana mtu asiyeijua nchi hatamfahamu mfalme. Lesotho ina eneo la kilometa za mraba 30,355. Imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, wala duniani hakuna nchi nyingine zilizozungukwa hivyo na nchi moja ila mbili ndogo mno, San Marino na Vatikani, zote mbili ndani ya Italia. Jambo la ajabu zaidi ni kimo chake. Mahali palipo chini kuliko pote katika Lesotho ni mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kilele chake kirefu, Thabana Ntlenyana, ni mita 3,482. Hakuna nchi nyingine ambayo ardhi yake yote iko juu ya mita 1,000. Wakati wa baridi theluji huanguka milimani, na watu hujifunika mablanketi mazito ya sufu hata njiani wakiwa juu ya farasi.

Upande wa mashariki wote ni milima iitwayo Maloti. Huko hutoka mto mkubwa ambao Wasotho huuita Senqu, nasi katika atlasi twauona kwa jina la Orange, uendao magharibi hata bahari ya Atlantiki. Upande wa magharibi kuna ukanda mwembamba wa nchi ya chini kidogo, na ukingoni mwake hupita mto Mohokare, ambao katika ramani nyingi huandikwa Caledon. Katika ukanda huo ndiko kuna mashamba mengi na ndiko wakaako watu wengi. Ardhi ifaayo kwa kilimo ni kama sehemu moja tu kwa kumi ya nchi nzima. Ukivuka Mohokare kwenda magharibi wakuta nyanda pana za mahindi na ngano. Lakini huko si Lesotho tena. Naomba msomaji aushike moyoni mto huo, maana ndio kiini cha habari yangu.

Moshoeshoe alizaliwa karibu na mwaka 1786 mahali paitwapo Menkhoaneng, kaskazini mwa Lesotho ya leo. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa ukoo mdogo tu miongoni mwa Bakoena, yaani watu wa mamba. Wakuu waliokuwa wakubwa kuliko yeye walikuwa wengi, na hakuna aliyetazamia kwamba mfalme angetoka katika nyumba ile. Jina alilopewa mtoto lilikuwa Lepoqo. Jina la Moshoeshoe alijipatia ujanani, baada ya kuteka ng'ombe wa mkuu mmoja aitwaye Ramonaheng. Alijisifu kwamba amemnyoa mwenzake ndevu, na neno moshoeshoe ni mlio wa wembe unaponyoa. Twaona basi kwamba alianza kama vijana wengi wa zama zake, mwizi wa ng'ombe mwenye majivuno na mwepesi wa hasira.

Aliyembadilisha ni mzee mmoja jina lake Mohlomi. Mzee huyu alikuwa mganga na msafiri, na sifa za hekima yake zilienea mbali. Babu yake Moshoeshoe, aitwaye Peete, alimpeleka kijana kwa mzee huyo ili apate mafunzo. Kijana alitaka dawa ya kumfanya awe mkuu. Mzee alimfundisha kwamba hakuna dawa ya ukuu isipokuwa moyo. Akamwonya asiue watu kwa kusingizia uchawi, apende amani kuliko vita, awasaidie maskini, na aunge undugu na makabila mengine kwa ndoa. Mimi nilipolisoma jambo hili nilidhani ni hadithi ya kuwapendeza watoto, kama zile za vitabu vya darasa la nne. Lakini kila nilipoendelea kusoma nikaona mafunzo yale yakitendwa moja moja.

Katika miaka ya 1820 nchi zile zilipatwa na msiba mkubwa ambao Wasotho huuita lifaqane. Makabila yalifukuzana, moja likilisukuma jingine; mashamba hayakulimwa, ng'ombe walitekwa, na njaa ikawa kali hata baadhi ya watu wakala watu. Moshoeshoe alikuwa amehamia mlima wa Butha-Buthe pamoja na watu wake wachache. Mwaka 1824 Batlokoa, waliokuwa wakiongozwa na mwanamke hodari, Manthatisi, na mwanawe Sekonyela, waliuzingira mlima huo hata watu wakakaribia kufa kwa njaa. Ndipo Moshoeshoe alipotambua ya kuwa mlima ule haufai, maana hauna nafasi ya kutosha wala njia ngumu za kutosha.

Akawaongoza watu wake kwenda kusini wakati wa baridi kali. Njiani wazee na watoto walibaki nyuma, na babu yake Peete akakamatwa na wala watu, akaliwa.

Walifika jioni chini ya mlima mmoja wenye kilele bapa kama meza, wakaupanda usiku ule ule. Kwa hiyo ukaitwa Thaba Bosiu, yaani Mlima wa Usiku. Wasotho hunena lugha iliyo jamaa ya lugha zetu: mtu kwao ni motho, watu ni batho, ng'ombe ni khomo, na usiku ndio huo bosiu. Niliposoma hayo nilihisi kana kwamba nimekutana na ndugu nisiyemjua. Kuta za mlima huo ni magenge ya mawe yaliyosimama wima pande zote, na njia za kupandia ni chache nyembamba ambazo watu wachache wenye mawe ya kuporomosha wangeweza kuzilinda. Juu kuna nafasi ya kuchungia mifugo, na tena kuna chemchemi za maji. Hapo mfalme alikaa miaka 46, wala hakuna adui aliyepata kuuteka mlima ule kwa nguvu maisha yake yote.

Sasa nieleze alivyowatendea wale waliomla babu yake. Walikamatwa wakaletwa mbele yake, na watu wakataka wauawe. Moshoeshoe akakataa. Aliona kwamba matumbo ya watu wale ndiyo kaburi la Peete, na kwamba si halali kuharibu kaburi la babu. Basi akawafanyia ibada ya kutakasa makaburi, akawapa ng'ombe na mahali pa kukaa. Nilimsimulia jirani yangu wa dawati, naye akaniambia kwamba yeye angewaua wote. Labda hata mimi. Lakini fikiri: wala watu wale walikuwa wakulima walioharibiwa na njaa. Walipopata ng'ombe waliacha kula watu.

Ng'ombe ndio waliokuwa fedha ya nchi ile, na hapa ndipo nilipoiona akili ya mfalme katika mambo ya uchumi. Wakimbizi walipofika Thaba Bosiu mikono mitupu, aliwaazima ng'ombe kwa desturi iitwayo mafisa. Mkimbizi alimchunga ng'ombe wa mfalme, akapata maziwa ya watoto wake, lakini ng'ombe na uzao wake walibaki mali ya mfalme. Mtu aliokolewa na njaa, na wakati huo huo akafungwa kwa kamba ya shukrani. Hivyo watu wa koo mbalimbali, hata waliokuwa maadui jana, wakawa watu wa Moshoeshoe, na jina la Wasotho likawa jina lao wote. Taifa lile lilijengwa kwa maziwa.

Hata kwa maadui alitumia ng'ombe. Mwaka 1831 jeshi la Wandebele wa Mzilikazi lilikuja kuishambulia Thaba Bosiu, likarudishwa kwa mawe na mikuki. Walipokuwa wakiondoka wamechoka na wana njaa, Moshoeshoe aliwapelekea maksai wawe chakula chao cha njiani. Wandebele hawakurudi tena kupigana naye.

Mwaka 1833 walikuja wamisionari watatu kutoka Ufaransa: Eugène Casalis, Thomas Arbousset na Constant Gosselin. Hawakuja kwa bahati tu. Moshoeshoe alikuwa amesikia kwamba kuna watu wa namna hiyo wasaidiao makabila, akatuma ng'ombe ili ampate mmoja. Akawapa mahali pa kujenga, paitwapo Morija. Casalis akawa mshauri wake katika barua na mikataba na serikali za Wazungu kwa miaka mingi. Mfalme mwenyewe hakubatizwa hata siku ya kufa kwake, ingawa alisikiliza mahubiri na kuwapeleka watoto shuleni.

Katika miaka hiyo ya amani nchi ilistawi. Kando ya mtama wao wa zamani Wasotho walilima mahindi, kisha ngano na miti ya matunda. Walijipatia farasi, wakawa wapanda farasi hodari. Na jambo hili nataka wenzangu walitie akilini: wakati ule Wasotho walikuwa wauzaji wa nafaka. Wazungu waliokaa nyanda za jirani walikuja kununua chakula kwao. Nchi ambayo leo hununua sehemu kubwa ya unga wake kutoka Afrika Kusini ilikuwa ghala la majirani zake. Maana wakati ule mashamba yao yalikuwa pande zote mbili za mto Mohokare.

Shida ilianza polepole. Tangu karibu mwaka 1836 Makaburu walikuwa wakihama kutoka Cape na magari yao ya ng'ombe, wakitafuta nchi mbali na serikali ya Waingereza. Baadhi yao walifika katika malisho ya magharibi wakaomba kukaa. Moshoeshoe aliwaruhusu kama alivyowaruhusu wengine wengi. Kwa desturi ya Wasotho ardhi haiuzwi. Mgeni huazimwa mahali pa kulima na kuchunga, na akiondoka mahali hurudi kwa wenyewe. Makaburu kwa desturi yao waliona kwamba mtu akikaa mahali na kujenga nyumba, mahali pamekuwa pake, naye huandikiwa hati. Watu wawili walikaa shamba moja, kila mmoja akidhani mwenzake amekubali sheria yake.

Waingereza nao walichora mipaka. Mwaka 1843 Gavana Napier aliandika mkataba uliomtambua Moshoeshoe kuwa mtawala wa sehemu kubwa ya nchi aliyoidai. Mwaka 1849 afisa mwingine, Meja Warden, akachora mstari mpya uliomkata mashamba mengi. Mwaka 1852 Gavana Cathcart alifika na jeshi, akadai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 kwa muda wa siku tatu, kuwa fidia ya wizi wa mifugo. Moshoeshoe akapeleka ng'ombe 3,500, wala zaidi hakuweza. Tarehe 20 Desemba Waingereza wakashambulia katika uwanda wa Berea, wakakuta maelfu ya wapanda farasi. Siku ile jeshi la Waingereza lilifadhaika, likapoteza watu 38.

Jambo alilolifanya mfalme usiku ule limenishangaza kuliko yote. Alikuwa ameshinda, au angalau hakushindwa. Vijana wake walikuwa wakisherehekea. Yeye akaketi na kuandikisha barua kwa Cathcart kuomba amani, kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa, akimsihi gavana atosheke na ng'ombe aliokwisha kuwateka. Gavana, aliyekuwa akitafuta njia ya kuondoka bila aibu, akakubali mara moja akarudi alikotoka. Sisi katika historia yetu twamsifu Mkwawa, Mtemi wa Wahehe, aliyepigana na Wajerumani hata mwisho, akajiua mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Nami namsifu. Lakini Moshoeshoe alikuwa mtu wa namna nyingine, ambaye aliijua siku ya kushinda kuwa ndiyo siku njema ya kuomba amani.

Mwaka 1854 Waingereza waliondoka katika nyanda zile, na Makaburu wakaanzisha jamhuri yao, Orange Free State. Sasa mfalme alikuwa peke yake na majirani wenye mizinga. Vita vya kwanza, mwaka 1858, Makaburu walifika karibu na Thaba Bosiu, lakini Wasotho wakawazunguka nyuma na kuyavamia mashamba yao, hata wakalazimika kurudi nyumbani. Vita vya pili vilianza mwaka 1865, na Wasotho huviita vita vya Seqiti, kwa kufuata mlio wa mizinga. Mwezi wa Agosti kamanda Louw Wepener alijaribu kuupanda mlima, akauawa katika njia yake. Mlima haukutekwa.

Lakini mlima hauliwi. Hapo Makaburu walipata ujanja ambao hakuna genge liwezalo kuuzuia: waliacha kuupanda mlima, wakaenda kuchoma mashamba. Waliteketeza mavuno, wakateka ng'ombe na kondoo, na watu waliokimbilia mapango ya Maloti wakafa njaa. Mwezi wa Aprili 1866 mfalme mzee, wakati huo akiwa na miaka karibu themanini, akatia alama katika mkataba uliotoa sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya kulima. Makaburu waliiita Nchi Iliyotekwa, wakaigawanya kuwa mashamba, na mwaka 1867 wakaanza kujenga humo miji ya Ficksburg na Ladybrand. Ukitazama ramani utaona pia mji uitwao Wepener, wenye jina la yule aliyekufa akiupanda mlima. Vita vikaanza tena mwaka 1867 kwa sababu Wasotho walipanda mbegu katika mashamba waliyoambiwa kwamba si yao.

Basi mfalme alikuwa na njia ngapi? Nimelifikiri swali hili mara nyingi, hata wakati wa kufua nguo. Angeweza kupigana mpaka mtu wa mwisho. Angeweza kujisalimisha kwa Makaburu, na watu wake wakawa vibarua katika mashamba yaliyokuwa yao. Akachagua njia ya tatu, ambayo alikuwa ameiomba kwa miaka: aliwaomba Waingereza wamchukue yeye na nchi yake chini ya malkia wao. Gavana Wodehouse aliona ya kwamba Wasotho wakiangamizwa machafuko yataenea mpaka Cape, akawazuia Makaburu kununua risasi, na tarehe 12 Machi 1868 akatangaza kwamba Wasotho wamekuwa raia wa Malkia Victoria.

Nchi ikaokoka, lakini si nchi nzima. Mwezi wa Februari 1869 Waingereza na Makaburu walikutana Aliwal North kupanga mpaka, na Moshoeshoe hakuitwa. Wakaamua kwamba mashamba yaliyo magharibi ya Mohokare yabaki kwa Orange Free State. Mfalme alikuwa mgonjwa. Mwezi wa Januari 1870 alimwachia mwanawe Letsie utawala, na tarehe 11 Machi 1870 akafariki juu ya mlima wake, mwaka wa pili wa ulinzi ule ukiwa umebakiza siku moja tu. Alizikwa huko huko. Kila tarehe 11 Machi ni sikukuu katika Lesotho.

Labda baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini nasema kwamba jiografia ya leo ni maisha ya mtu huyu. Sababu ni kwamba mstari wa mwaka 1869 ndio unaowalisha au kuwanyima chakula watu wa Lesotho hata sasa. Kwanza mambo yalikuwa si mabaya. Almasi zilipogunduliwa Kimberley, Wasotho waliuza huko nafaka nyingi. Lakini reli ilipofika Kimberley mwaka 1885, ngano ya rahisi kutoka ng'ambo ya bahari ilikuja nayo. Watu waliongezeka juu ya ardhi ile ndogo, wakalima miteremko, na mvua ikachukua udongo na kuacha makorongo. Wanaume wakaanza kwenda migodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya wanaume 100,000 wa Lesotho walikuwa wakichimba katika migodi ya Afrika Kusini, na vijiji vilikuwa vya wanawake, wazee na watoto. Baadaye migodi iliwapunguza, wengi wakarudi nyumbani bila kazi. Viwanda vya nguo vikaajiri watu, wengi wao wanawake, na nguo zao zikauzwa Marekani. Kuna pia sufu ya kondoo, na almasi za Letšeng, mgodi ulio juu ya mita 3,000. Fedha yao huitwa loti, wingi wake maloti, jina lile lile la milima, na thamani yake ni sawa na randi ya Afrika Kusini.

Hata hivyo mali yao kubwa ni ile iliyotoka milimani ambako mfalme aliwakimbiza watu wake. Mwaka 1986 Lesotho na Afrika Kusini zilitia sahihi mkataba wa maji. Ukuta wa bwawa la Katse, wenye kimo cha mita 185, ukajengwa. Maji yakapitishwa katika mahandaki chini ya milima, na tangu mwaka 1998 yanakwenda kaskazini kuinywesha miji na viwanda vya Johannesburg. Njiani huzungusha mitambo ya umeme ya Muela. Afrika Kusini hulipa fedha kwa maji hayo kila mwaka. Kusema kweli si kila mtu alifurahi, maana kuna wachungaji na wakulima waliohamishwa ili mabonde yao yajazwe maji. Hivyo hata huko juu mashamba machache yalipotea.

Na lipo jambo jingine ambalo mimi naliona zito kuliko maji. Mwaka 1910 Waingereza walipounganisha koloni za Afrika Kusini, walitazamia kwamba siku moja nchi ya Wasotho itatiwa humo. Haikutiwa. Mwaka 1913 Afrika Kusini ilipiga marufuku Waafrika kununua ardhi isipokuwa katika sehemu ndogo ya nchi, lakini sheria hiyo haikuvuka Mohokare. Ndani ya mpaka wa Moshoeshoe hakuna mlowezi aliyepewa shamba. Tarehe 4 Oktoba 1966 nchi ikapata uhuru, nayo Afrika Kusini ikaendelea na ubaguzi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano mingine.

Sasa niseme kwa nini habari hii imenishika hivi. Nyumbani kwetu ni mlimani. Nilipokuwa darasa la tatu babu yangu alikuwa na ugomvi wa mpaka, na shauri likaenda kusikilizwa mara nyingi. Kila mara ilibidi auze mbuzi au ng'ombe kwa ajili ya safari na gharama. Mwishowe akakubali mpaka uwe kijito, akaliacha shamba la bondeni, lenye udongo mweusi, ambalo lilitupa mahindi na maharage mara mbili kwa mwaka. Sisi tukabaki na mteremko, nyumba na makaburi. Mama alikasirika mno. Alisema mbele ya wageni kwamba mzee ameogopa, na tangu siku ile huzungumza naye kwa adabu tu, bila uchangamfu. Mimi nami, nakiri, nilimwonea babu aibu kwa miaka mingi.

Likizo iliyopita nilichukua daftari langu nikamsomea babu habari hizi zote, huku mama akichambua mboga karibu nasi. Babu alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniuliza swali moja, kama wale Wasotho waliovushwa mto waliweza kuyaona mashamba yao ya zamani kutoka walikohamia. Nikafungua atlasi nikamwonyesha kwamba Maseru, mji wao mkuu, uko ukingoni mwa Mohokare, na ng'ambo ya mto ni Afrika Kusini, wakisimama wanaona. Babu akatikisa kichwa. Mama akaondoka na bakuli lake la mboga, akarudi na chai, vikombe vitatu.